Gari Lisisogezwe

Jerónimo aliingia gereji mbio kama mtu anayekimbia mvua, na nje jua lilikuwa linachoma. Hakusalimia. Alisimama juu ya Ibraimo, aliyekuwa amelala chini ya lori, akaanza kueleza huku akizungukazunguka.

Klabu iliyokuwa ikiendesha mashindano makubwa ya magari ya koloni nzima ya Wareno ilikuwa imebadilisha sheria. Vita vilikuwa vimeingia mwaka wa tatu. Petroli ilikuwa ya jeshi kwanza, matairi ya jeshi kwanza, na meli zilizokuwa zikileta vipuri kutoka Ulaya sasa zilishusha bunduki na mabuti. Ili mashindano yasife, klabu iliamua kubana matumizi. Kila gari lingetumia injini moja tu msimu mzima, na injini hiyo ingefungwa kwa waya wenye muhuri wa madini ya risasi ili mtu asiibadilishe wala kuichezea. Kila gari fundi mmoja. Matairi ya kuanzia ndiyo ya kumalizia. Na muhuri ukikutwa umekatika, gari lisisogezwe pale liliposimama mpaka fundi wake aifungue injini mbele ya mkaguzi.

Matajiri wa mji mkuu, Lourenço Marques, waliozoea kuja na malori ya injini za akiba na mafundi wazungu, walikuwa wananuna. Jerónimo hakuweza kuficha furaha yake. Yeye alikuwa na kigari kimoja chekundu cha Kiitaliano, kikuukuu, na fundi mmoja. Hakuwahi kuwa na zaidi.

"Sasa tuko sawa nao, ndugu yangu," alisema. "Na mbio za mwisho zinafanyika hapa hapa Mocímboa. Kwetu."

Ibraimo alitoka chini ya lori akijifuta mikono. Jerónimo alikuwa mtoto wa Mreno mwenye duka na mwanamke wa pwani aliyefariki akimzaa. Bi Zainabo, mama yake Ibraimo, ndiye aliyemnyonyesha, huyu titi hili na huyu titi lile, kwa hiyo walipoitana ndugu hawakuwa wanataniana. Ibraimo alijua sheria hizi zilikuwa na maana gani kwa mwenzake. Alitaka kufurahi naye. Lakini akili yake ilikuwa imekwisha kurukia mahali pengine, na ilipofika huko ikakataa kurudi.

Aliuliza mbio zitafanyikia wapi. Zamani Jerónimo alikuwa akilijaribu gari kwenye barabara ya Awasse, lakini barabara hiyo sasa ilikuwa imetegwa mabomu, na hata malori ya jeshi yaliipita kwa kunyata.

"Uwanja wa ndege," Jerónimo alijibu. "Wanazunguka njia ya kurukia na barabara ya nyuma yake. Wakubwa wanataka magazeti yaandike kwamba kaskazini kumetulia."

Usingizi ulimtoroka Ibraimo tangu siku hiyo.

Mdogo wake, Assane, alikuwa amevuka mto Rovuma kuingia Tanzania na kujiunga na wapiganaji wa uhuru. Habari zilikuwa zimewafikia polisi wa siri, na polisi hao walikuwa wameanza kuokota jamaa za waliovuka, mmoja mmoja, wanawake kwa wanaume. Familia mbili za mtaa wao zilikwisha kupelekwa kwenye gereza la kisiwani. Kila gari lilipopunguza mwendo mlangoni, Awa, mkewe Ibraimo, alimnyanyua mtoto wao, Fátima, na kusimama naye katikati ya chumba, bila kujua aende wapi.

Njia ya kutoka ilikuwepo. Domingas, mwanamke wa Kimakonde kutoka bara aliyekuwa akileta mkaa mjini, aliwahi kupeleka watu hadi Namoto, kando ya Rovuma, wakavuka hapo. Alisema msitu hauna tatizo, na desturi za wanajeshi wa doria anazijua. Tatizo lilikuwa uwanda wa chumvi nyuma ya mji, mweupe, mtupu, usio na hata kichaka cha kuficha kuku. Mtu mwenye miguu yake huuvuka upesi. Mwenye mama mzee na mtoto mgongoni huchukua sehemu kubwa ya mchana. Na kila asubuhi, na tena kila adhuhuri, ndege ndogo ya jeshi iliruka kutoka uwanjani ikapita chini chini juu ya uwanda huo.

Ndege haiwezi kuruka kama njia yake imejaa magari. Ibraimo alimweleza Awa jambo hili wakiwa wamekaa uani, yeye akijifanya anarekebisha kiti. Mbio zilikuwa za kuanzia asubuhi hadi karibu na alasiri. Wanawake waliruhusiwa kwenda mashambani mchana kwa kibali, na siku hiyo askari wengi wa vizuizi vya barabarani wangekuwa uwanjani. Domingas angewasubiri ukingoni mwa uwanda. Wakisikia injini zinaunguruma, waingie.

Awa alisikiliza hadi mwisho. "Na wewe, Baba Fátima?"

"Gari lina fundi mmoja. Nikikosekana mimi, wataulizana kabla hata halijawashwa."

"Kwa hiyo unabaki."

"Nitakufuateni."

Hakusema lini. Awa alianza kupepeta mchele ambao ulikuwa umekwisha kupepetwa.

Bi Zainabo alikubali kuondoka, ila alitaka kumuaga Jerónimo. Ibraimo alikataa. Alimwambia mama yake kwamba asiyejua hawezi kulazimishwa kusema. Kesho yake mzee alimwandalia Jerónimo mkate wa kumimina, akampelekea mwenyewe hadi dukani, akakaa akamtazama akiula mpaka kipande cha mwisho. Jerónimo alidhani ni dua ya mashindano. Alimbusu mkono akarudi kwenye gari lake.

Siku ya mbio mji mzima ulihamia uwanjani. Bendera zilikuwa zimetundikwa, bendi ya jeshi ilipiga, na ndege ndogo ilikuwa imesukumwa pembeni chini ya turubai, rubani wake akizunguka kando yake na miwani ya jua. Awa, Bi Zainabo na mtoto walikuwa wamekwisha kutoka na wanawake wa mashamba, majembe begani. Ibraimo aliwaona kwa mbali kabla hawajapotelea nyuma ya minazi. Hakuinua mkono.

Mkaguzi wa klabu alipita akikagua mihuri. Alikuwa peke yake kwa magari yote, maana hata wakaguzi walikuwa wamepunguzwa. Kisha presidente, yaani mwenyekiti wa klabu, mzee mnene aliyevaa suti nyeupe, akapanda jukwaani na kutangaza kwamba meli ya matairi haikufika, na petroli iliyotolewa na jeshi ni pungufu. Kwa hiyo, ili kuokoa matairi na mafuta, mizunguko itakatwa nusu.

Watu waliguna kidogo, wakaendelea kula karanga. Ibraimo alipiga hesabu. Nusu ya mizunguko maana yake mbio zingekwisha kabla ya adhuhuri. Njia ingesafishwa, turubai lingevuliwa, na ndege ingepaa wakati mama yake akiwa katikati ya ule weupe. Hakukuwa na mtu wa kumtuma. Hakukuwa na namna ya kuwarudisha. Akatazama kule uwanda ulipo, akajikumbusha asitazame, akatazama tena.

Bendera ilishuka, magari yakaondoka, na kelele zake zikatikisa mabati. Ibraimo alijua kwamba kelele hizo hizo ndizo Awa alizokuwa akizingoja, na kwamba sasa walikuwa wanatia mguu kwenye chumvi.

Jerónimo hakuwahi kuendesha vile. Wenzake wa Lourenço Marques walizoea kuyatafuna matairi na kuvaa mengine. Sasa walilazimika kuyaonea huruma, na hawakujua kuhurumia. Yeye alikuwa amehurumia vitu maisha yake yote. Kona ya nyuma, yenye mchanga, aliipita taratibu, akawafuata kwenye lami akiwapunguza mmoja baada ya mwingine. Vijana wa mji walipanda juu ya madebe wakiliita jina lake. Ibraimo alisimama mahali pake na ndoo ya maji, na moyo wake ukimvuta pande mbili hata akahisi utachanika.

Gari jekundu lilipoingia kwa Ibraimo kutiwa maji lilikuwa linaongoza. Rejeta ilikuwa inachemka. Ibraimo alifungua boneti na mvuke ukampanda usoni, mweupe, mzito, ukamfunika yeye na injini pamoja. Mkaguzi alikuwa upande wa pili akiinama kwenye gari jingine. Koleo lilikuwa mfukoni mwa suruali.

Jerónimo alikuwa ameketi akiushikilia usukani, akihema, akitazama mbele. Alisema tu, bila kugeuka, "Leo, ndugu. Leo."

Ibraimo aliukata waya.

Akamimina maji, akafunga boneti, akapiga bodi mara moja kwa kiganja kama walivyozoea. Gari likaondoka. Alibaki na ndoo tupu mkononi, na mizunguko yote iliyosalia aliiona kama mtu anayetazama nyumba ya nduguye ikiungua ilhali kiberiti anacho yeye.

Jerónimo alishinda. Alipita mstari, akaenda mpaka katikati ya njia ya kurukia, akazima injini, akasimama juu ya kiti na mikono yote miwili hewani. Watu walivunja kamba wakamiminika. Waliomfahamu na wasiomfahamu walimgusa mabega. Mkaguzi alipenya katikati yao, akafungua boneti, akainama kwa muda, kisha akainuka na kumwita presidente.

Muhuri umekatika.

Habari ilienea taratibu kutoka kwenye gari kwenda nje, kama mafuta yanavyoenea juu ya maji. Presidente alijipangusa jasho, akasema sheria ni sheria na klabu ndiyo imeitunga. Gari lisisogezwe. Fundi alete spana zake.

Rubani alikuwa amekwisha kuvua turubai. Alikuja akauliza kitu kile kitaondolewa lini, maana ana kazi. Presidente alimjibu kwamba waandishi wa magazeti wamekuja kutoka mbali kuona sheria mpya zikifanya kazi, na sasa wanaziona. Kamanda wa kikosi, aliyekuwa amekaa kivulini na wageni, alipunga mkono kwamba wasubiri kidogo. Siku ilikuwa tulivu, bia ilikuwa baridi, na hakutaka kugombana na mgeni wake.

Ibraimo alipiga magoti akaanza. Kila nati aliilegeza, akaipangusa, akaiweka juu ya kitambaa kwa mpangilio. Hakuna aliyeweza kumlaumu. Ndivyo fundi mwangalifu afanyavyo. Injini ilikuwa bado ya moto, kwa hiyo alisema lazima ipoe kabla ya kuondoa kifuniko cha silinda, la sivyo chuma kitapinda, na mkaguzi akakubali. Wakasubiri. Kusubiri kule kulikuwa kugumu kuliko kazi. Vidole vyake vilitaka kufanya kitu, masikio yake yalitafuta sauti upande wa uwanda, na macho aliyafungia kwenye vyuma asije akayaachia yakamsaliti.

Jerónimo alichutama karibu naye. Alikuwa ameokota kipande cha waya, anakizungusha kidoleni. Waya uliokatika kwa kutikisika huwa na ncha zilizochanika. Huu ulikuwa umekatwa safi.

"Nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Ibraimo hakuona faida ya kudanganya. "Mimi."

Jerónimo aliacha kuuzungusha waya. "Kwa nini umenifanyia hivi?"

"Mama yuko kwenye uwanda wa chumvi. Na Awa na mtoto. Ndege ikiruka sasa, watawaona."

Jerónimo aliitazama ile ndege, akamtazama rubani anayevuta sigara kando ya bawa, akautazama mkono wake mwenyewe ulioshika waya. Ibraimo alisikia pumzi yake ikiingia na kutoka. Alijua kwamba mtu huyu angeweza kusimama na kusema neno moja tu, akarudishiwa ushindi wake. Hakumwomba. Aliokota nati iliyokwisha kupanguswa, akaipangusa tena.

"Mkate ule," Jerónimo alisema hatimaye. "Alikuwa ananiaga."

Akanyanyuka, akatia waya mfukoni.

Jua lilipoanza kupinduka kamanda alichoka. Alikuja na askari akaamuru wasukume gari kando, sheria au si sheria. Askari wakashika bodi. Ndipo Jerónimo akaingia ndani ya gari, akaketi, akakaza breki na kushika usukani kwa mikono miwili. Alisema kwa Kireno, kwa sauti ya kusikika mpaka jukwaani, kwamba yeye ni mshindi, ameambiwa injini ipimwe pale liliposimama, na gari likisogezwa hata kidogo atasema ameibiwa mbele ya waandishi wote. Mwandishi mmoja akainua kamera. Presidente, ambaye pengine alikuwa na hamu ya mtu yeyote anayeithamini sheria yake, akasimama mbele ya gari na kusema kijana ana haki. Kamanda aliwatazama wote wawili, akaitazama kamera, akarudi kivulini akiwa amekasirika.

Kifuniko kilitoka. Mkaguzi alipima pistoni, akapima silinda, akarudia. Injini ilikuwa halali kabisa. Watu wa mji walianza kushangilia, na presidente akatabasamu akisema labda waya ulikatika kwa mtikisiko, barabara ya nyuma ni mbaya, klabu inaweza kusamehe. Mkaguzi akatikisa kichwa. Alionyesha ncha iliyobaki kwenye injini. Hapa pamepita koleo, alisema, na mwenye koleo ni fundi.

Mtu mmoja aliyevaa shati la mikono mifupi, ambaye kila mmoja alijua ni polisi wa siri na kila mmoja alijifanya hajui, alikuwa amesimama pembeni akila chungwa. Aliacha kutafuna. Alimtazama Ibraimo kama anayejaribu kukumbuka jina.

"Nimeukata mimi," Jerónimo alisema. Alikuwa bado ameketi garini. "Jana, nilipobaki peke yangu. Nilitaka kuichezea kabureta, nikaogopa, nikaunganisha waya kwa mkono ili mkaguzi asione. Leo umeachia. Fundi hajui."

Presidente alimuuliza kama anaelewa anachosema. Alijibu kwamba anaelewa. Akafungiwa mashindano maisha yake yote, pale pale, mbele ya watu waliokuwa wamemgusa mabega. Mmoja wa madereva wa Lourenço Marques alitema mate chini. Baba yake Jerónimo, Mreno mwenye duka, aliondoka bila kumngoja. Kombe alipewa aliyefuata, na bendi ikapiga wimbo mfupi.

Gari jekundu lilisukumwa kando likiwa wazi, vyuma vyake vikibaki kwenye kitambaa. Ndege ikaruka. Ibraimo aliifuata kwa masikio ikielekea uwanda, ikafifia, ikakaa huko, ikakaa tena. Iliporudi, rubani alishuka akipiga miayo na kwenda moja kwa moja kwenye bia.

Jioni, askari walipohesabu watu wa mtaa, hesabu haikutimia. Wakamchukua Ibraimo. Aliwaambia mkewe amemkimbia kwa ugomvi na amemchukua na mama mkwe. Walimpiga kwa jibu hilo, na alilirudia mpaka wakachoka kulisikia. Njia waliyopitia wanawake hawakuijua, wala hakuna aliyefikiria kuunganisha jambo la wanawake na jambo la waya. Waya ulikwisha kupata mwenye kosa.

Alikaa ndani msimu wote wa mvua. Chakula kililetwa mlangoni mara kwa mara na mtumishi wa duka la akina Jerónimo, bila salamu yoyote. Baadaye jeshi, likiwa limeishiwa mafundi, lilimtoa akatengeneze malori yake, na askari mmoja wa kumlinda. Siku walipopelekwa Palma, si mbali na Rovuma, kuokoa lori lililokwama kwenye tope, mlinzi alikwenda kutafuta maji, na Ibraimo akaingia msituni akiwa na spana bado mkononi. Alitembea akijificha mpaka Namoto. Wavuvi wawili walimvusha bila kumuuliza jina.

Aliwakuta upande wa Tanzania, katika kambi ya wakimbizi, kwenye kibanda cha makuti. Fátima sasa alikuwa anatembea, na alipomwona akamkimbia kama mgeni. Awa alimshika uso kwa mikono yote miwili, akahesabu kwa kidole gumba meno yaliyong'oka. Ilikuwa Domingas, aliyekuja siku hiyo na kundi jingine, aliyesimulia. Walikuwa bado katikati ya chumvi kelele za magari zilipokoma. Bi Zainabo alikaa chini, akasema waendelee bila yeye. Awa alimpa Domingas mtoto, akambeba mama mkwe mgongoni. Walitembea wakingojea ndege kila hatua, na ndege haikuja, na haikuja, hata Domingas akaanza kuogopa kwamba ni mtego. Ilipokuja walikuwa wamelala kwenye mizizi ya mikoko, matope mpaka kifuani.

Bi Zainabo alikuwa hai, ila miguu ilikuwa imegoma. Ibraimo alikaa kwenye mkeka karibu naye akamweleza habari ya Jerónimo yote, kuanzia mvuke mpaka kombe. Mzee alisikiliza akiwa amefumba macho, na Ibraimo akadhani amelala.

"Anaishi na nani sasa?" Bi Zainabo aliuliza.

Ibraimo alisema hajui. Alikuwa amesikia tu kwamba baba yake amemtoa dukani, na kwamba gari ameliuza.

"Mtafutie mtu wa kumpelekea maneno," mama alisema. "Aambiwe nimefika. Aambiwe na njia ya kuja."

Domingas alikuwa nje, anafunga mzigo wake. Alikuwa anarudi ng'ambo keshoye. Ibraimo alinyanyuka akatoka kumfuata kabla mama yake hajamaliza kusema.